Vijana hawachelewi, wanacheleweshwa
Makala moja inasema vijana wa Nairobi wenye saratani hufika hospitalini wakiwa wamechelewa kwa kupuuza dalili. Sikubali. Wengi huenda zahanati mapema, ila tezi iliyovimba shingoni huitwa TB na kijana humezeshwa dawa miezi 6 bila kipimo cha kuithibitisha. Kipimo cha sindano nyembamba nacho hunyonya seli chache, mara nyingi zisizotosha kutambua limfoma ya Hodgkin, saratani ya tezi. Tezi nzima yafaa itolewe, iwekwe kwenye formalini, kimiminika cha kuihifadhi, na ipelekwe kwa mwanapatholojia, daktari anayeichunguza kwa darubini, na hapo ndipo pesa hukwamisha familia. Goti linalouma usiku husingiziwa mpira, likapakwa dawa wiki kadhaa, ilhali eksirei moja ingeonyesha mfupa unaoliwa na saratani. Halafu kijana wa miaka 16 hulazwa na wazee, kemo, yaani dawa kali za saratani zinazoweza kuharibu uwezo wa kuzaa, ikaanza bila yeyote kumtajia kuhifadhi mbegu za uzazi. Huko mnakotibiwa, nani humweleza kijana hilo kabla ya dripu ya kwanza?