Jogoo la Mama limewika Svalbard

Mbaruku, tuliyekuwa naye melini kutazama dubu, ameniwahi. Kumbe kanunua intaneti ya meli kwa bei ya mbuzi mzima ili tu anianike. Mimi nafika Longyearbyen, mji wa Svalbard, visiwa vya Norwe kule kaskazini kwenye barafu, simu inashika mtandao, nakuta video ya aibu yangu imeshaingia hadi kundi la ukoo, na shangazi anauliza kama dubu kaniachia mkono. Basi nisikilizeni mwenyewe. Kwanza, sikulia. Ule ulikuwa upepo.

Mnaonifuata zamani mnajua: naishi Oslo, napiga picha za harusi, na mwaka huu nikasema liwalo na liwe, nakwenda kupiga dubu barafu. Lenzi ya milimita 600, ya kukodi. Nauli msiniulize. Mnajua pia ninaamshwa na nini kila siku: jogoo wa Mama, nilimrekodi uani kwetu Muheza, na mwishoni mwa rekodi Mama mwenyewe anaingia, "We Shukuru! Jua lote hilo bado umelala?" Hakuna usingizi unaostahimili hiyo.

Haya. Saa kumi alfajiri spika za vyumbani zinatangaza: dubu, upande wa kushoto, pandeni kimyakimya. Julai huko jua halizami, kwa hiyo saa kumi ni mchana mweupe. Nahodha kazima injini. Dubu kakaa kando ya tundu kwenye barafu anavizia sili, na sili akichomoza tu kuvuta pumzi, kwisha habari yake. Anaweza kukaa hapo muda mrefu bila kujitikisa. Na si mweupe kama wa kwenye kalenda. Juu ya theluji ana umanjano wa samli. Tuko mbali naye zaidi ya mita 300, ndiyo sheria ya Svalbard tangu 2025 (kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni ni 500), na kumsumbua ni kosa. Mwongozaji wetu, dada mwenye bunduki begani, kaweka kidole mdomoni. Sitaha nzima, hakuna anayekohoa.

Mimi nimejipanga. Mwanga nimeuongeza kidogo, maana theluji huidanganya kamera, picha ikatoka ya kijivu. Betri za akiba nimezificha kifuani zisiuawe na baridi. Na simu nayo hukohuko kifuani, chini ya koti, chini ya sweta, ndani ya mfuko wa fulana ya sufu.

Naona wengine mmeshaanza kucheka. Subirini.

Saa kumi na moja kamili.

"Kokorikooo!"

Ndugu zangu, mimi nami niligeuka kumtafuta mwenye jogoo. Nikamkata jicho mzee wa Kijerumani aliyekuwa mbele yangu, jicho la "watu wengine hawana adabu". Ndipo kifua kikanitetemeka.

Glovu ya kushoto ikaingia kwenye koti. Zipu ikang'ata sweta. "Kokorikooo!" Navuta, zipu haiendi mbele wala nyuma. Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Kuhusu barafuni hawakusema kitu. Kisha, kwa utulivu wote wa bahari ile, Mama: "We Shukuru!" Na jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kadi ya meli, inaning'inia shingoni. Mbaruku, mwingine pekee aliyeelewa "jua lote hilo", akaketi chini.

Na dubu? Dubu akasimama. Kwa miguu miwili, wima, pua juu, akitutazama sisi moja kwa moja. Picha ambayo watu huja huko mwaka baada ya mwaka na kuikosa. Kamera zote zikalia kwa pamoja, na yangu ikiwemo! Ila kiwiko kilikuwa kimeshausukuma mtambo ukatazama chini, na kidole changu cha kulia kimeganda kwenye kitufe. Nilipata viatu vya mzee wa Kijerumani.

Simu ikatoka. Kioo hakitambui glovu. Nikaivua kwa meno, nikabonyeza, kimya, alhamdulillahi, nikairudisha mahali pake. Nilichobonyeza kilikuwa "ahirisha".

Dubu akarudi tunduni, akatulia. Watu wakatulia. Nami hatimaye nikamweka katikati ya fremu, nikashusha pumzi...

Mnajua.

Safari hii hakusimama. Alitupa mgongo akaenda zake, na sili kamkosa. Dada wa bunduki aliniita pembeni, akanena, simu ikakabidhiwa kwake hadi mwisho wa safari. Kwenye kifungua kinywa walinipigia makofi. Mzee wa Kijerumani kanionyesha dubu wake aliyesimama, picha haina kasoro, kanishukuru, kauliza jina la jogoo. Dubu mwingine hatukumwona.

Wewe uliyeandika jogoo apewe viza: Svalbard yenyewe haidai viza, kwa hiyo tulia.

Mama naye kaitazama video. La dubu hakuuliza. Kauliza kwa nini mpaka niitwe mara mbili.

Picha za viatu ninazo, kali, mishono yote inaonekana. Anayetaka aje inboksi, bei ni maelewano.