Nanga inunuliwe mwisho

Mtu akipata boti yake ya kwanza, swali lake kwangu huwa lile lile: "Ninunue nanga ya kilo ngapi?" Nami humuuliza: "Kamba yako ina mita ngapi?" Hapo wengi hunyamaza. Kamba wanayo, ile iliyokuja na boti, imeviringishwa chini ya kiti cha mbele na hakuna aliyewahi kuipima. Basi niseme msimamo wangu mapema, atakayenuna aanze kununa sasa: nunua kamba kwanza, mnyororo wa pili, nanga mwisho.

Wazee wa baharini wana neno amari, yaani kamba au mnyororo wa nanga, chochote kinachoishika nanga na chombo. Nalipenda neno hili kwa sababu linakulazimisha kuufikiria ule urefu wote uliolala chini ya maji. Dukani macho yanavutwa na chuma kinachong'aa, hakuna anayekwenda kuitazama amari.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa aibu. Boti ilikuwa ya mita 5.5, nanga ya makucha manne ya kukunja, kilo 6, kamba ya plastiki ya buluu mita 20, mnyororo hakuna. Tulitia nanga kwenye kina cha mita 5, chini mchanga, upepo wa kawaida tu. Nikaishika kamba kwa mkono, kwa kukaa tu, si kwa ujuzi. Kamba ya nanga iliyoshika huwa kimya: inakaza, inalegea, inakaza tena. Ile yangu ilikuwa inagugumia mkononi. Inashika, inaachia, inashika, kama mtu anayeburuta kiti kwenye sakafu ya saruji ghorofa ya juu. Sikuelewa maana yake mpaka abiria mmoja aliposema kwamba ule mti wa ufukweni si ule tuliouona mwanzo. Nikawasha injini kwa haraka. Kamba ya plastiki huelea, na ile ilikuwa imetulia juu ya maji ikisubiri rafadha, yaani panga la injini. Yaliyofuata yalihusu kisu na maneno ambayo siyaandiki hapa.

Suluhisho langu la busara? Nikanunua nanga ya kilo 10. Safari iliyofuata tukaburura vilevile, ila sasa na mgongo unauma.

Kosa halikuwa kwenye uzito. Nanga za boti ndogo hazikai chini kwa sababu ni nzito. Zinakaa kwa sababu zimezama kwenye mchanga au tope, na zinazama pale tu zinapovutwa kwa ulalo. Ukizivuta kwenda juu zinaachia, na ndivyo tunavyoziachisha kwa makusudi tunapoondoka: tunaisogelea nanga mpaka kamba isimame wima, inang'oka. Mwenye kamba fupi ameshaanza kung'oa nanga kabla hajamaliza kuitia.

Hesabu yake haina ugumu. Chukua kina cha maji, ongeza kimo cha omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, kutoka usawa wa maji. Jumla hiyo izidishe. Ukitoa amari mara 3 ya jumla hiyo, ikikazwa ikanyooka itavuta kwa pembe ya karibu digrii 20 kutoka sakafu ya bahari. Mara 5, digrii 11 na nusu. Mara 7, kama digrii 8. Mara 10, kama 6. Angalia faida ilivyo kubwa kutoka 3 kwenda 5, na ilivyo ndogo baada ya 7. Ndiyo maana mimi hutoa mara 5 mchana nikiwa macho, mara 7 nikilala au upepo ukianza kupiga, na mara 3 kwa kula tu, injini ikiwa tayari. Zaidi ya 7 ni kwa dhoruba, na kwa mahali ambapo hakuna jirani wa kugongana naye, kwa sababu kamba ndefu huchora duara kubwa.

Halafu kuna maji kujaa, mahali wengi wanapojidanganya. Tuseme umefika maji yamekupwa, kina mita 3, omo iko mita 1 juu. Jumla 4. Unatoa mita 20, mara 5 kamili, unalala kwa amani. Maji yanajaa mita 3. Jumla sasa ni 7, kamba ni ile ile 20, na hata mara 3 haifiki. Hukugusa kitu, nanga hukuibadili, lakini pembe imepanda kutoka digrii 11 hadi zaidi ya 20 wakati unakoroma. Pigia hesabu kina kitakachokuwepo maji yakijaa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida.

Kwa hiyo kamba. Mimi nasema nailoni, na hapa sina mjadala. Boti ndogo ni nyepesi, inaruka kila wimbi likipita, na kinachoing'oa nanga mara nyingi ni ule mshtuko wa ghafla kuliko mvuto wenyewe. Nailoni hunyumbuka: kabla ya kukatika inaweza kurefuka kwa zaidi ya robo ya urefu wake. Inalimeza wimbi kabla halijafika chini. Polyesta ni imara lakini hainyumbuki kiasi hicho, iache kwa kazi za tanga. Ile plastiki ya buluu nimeshaieleza. Inaelea, jua linaila, na ikishakauka inakumwagia vumbi mikononi. Nailoni huzama, haiendi kutafuta rafadha, na jua inalistahimili zaidi, ingawa nayo usiianike bure. Ikilowa hupoteza sehemu ya nguvu zake, kama asilimia 10 hadi 15, kwa hiyo usiinunue kwa kubana mno.

Unene? Nailoni ya kusokotwa ya milimita 10, ikiwa mpya, hukatika kwenye mvuto wa takriban tani 2. Kwa boti ya mita 5 au 6 hiyo inatosha kabisa. Lakini mimi nina ya milimita 12, kwa sababu ya viganja tu. Kamba nyembamba iliyolowa, usiku, boti ikirudi nyuma, inakata mkono kama uzi wa mshipi. Wako wanaoruka hadi 16 wakidhani wameongeza usalama. Kamba nene kupita kiasi hainyumbuki kwa boti nyepesi, na hapo umenunua nailoni ukaishia na fimbo.

Urefu: ukitia nanga hadi kina cha mita 6, omo mita 1, mara 7, ni mita 49. Nunua 50 kwa kipande kimoja. Kisha kaa chini jioni moja na uzi wa rangi na sindano, uishone alama kila mita 5. Alama moja kwa 5, mbili kwa 10, na kuendelea, ili gizani uzihesabu kwa vidole. Kazi hii inachosha, na ndiyo iliyobadilisha zaidi namna ninavyotia nanga.

Mnyororo una kazi mbili. Ya kwanza ni kusagwa badala ya kamba, maana miamba na matumbawe hukata nailoni kama mkate. Ya pili ni kuukalisha chini mkono wa nanga ili ianze kuchimba. Wa milimita 6 una uzito wa kama kilo 0.8 kwa mita, wa milimita 8 kama kilo 1.4. Weka angalau urefu wa boti yako. Mimi kwa mita 5.5 nina mita 6 za milimita 8, yaani kilo 8 na ushei, na nisingeongeza isipokuwa ningekuwa natia nanga kwenye mawe kila siku.

Kuna imani kwamba mnyororo unashikilia boti kwa uzito wake, kwa lile tumbo linaloning'inia. Upepo mwanana, ni kweli. Lakini nguvu ya upepo haipandi kwa mstari: kasi ikiongezeka mara 2, msukumo unaongezeka mara 4. Mita chache za mnyororo hunyooka mapema sana, tumbo likaisha, na kuanzia hapo unategemea urefu na mnyumbuko wa kamba. Wenye yoti kubwa wanaotumia mnyororo mtupu wana sababu zao na wana mashine ya kuuvuta. Wewe ukiiga, mita 40 za milimita 8 ni kilo 56 zimekaa puani. Boti itatembea imeinamisha uso kama imefiwa.

Kuhusu mnyororo wa stenlesi, chuma kisichoshika kutu kwa urahisi: inapendeza. Ila ikifukiwa kwenye tope lisilo na hewa huliwa ndani kwa ndani, juu ikibaki inametameta. Chuma kilichochovywa zinki kikianza kutu unaiona, rangi ya chungwa kabisa. Mimi napenda chuma kinachosema ukweli.

Viungo sitaviongelea sana, ila pini. Kile chuma cha umbo la D kinachounga mnyororo na nanga kina pini ya kuzungushwa, na pini hiyo, boti ikicheza usiku kucha, itajifungua yenyewe. Ifunge kwa waya. Ncha ya kamba inayokutana na mnyororo isukwe irudi ndani yake yenyewe, ikiizunguka pete ya chuma yenye mfereji. Fundo linaweza kuila kamba karibu nusu ya nguvu zake, kusuka kunaiachia sehemu kubwa.

Sasa ndiyo nanga, na kwa kweli ukishafika hapa uchaguzi ni mwepesi. Yenye umbo la jembe la kulimia, CQR, ilibuniwa mwaka 1933 na mwanafizikia Mwingereza Geoffrey Ingram Taylor, kwa ajili ya ndege zinazotua majini, ambazo zilihitaji nanga nyepesi inayoshika sana. Hoja ya uzito ilishajibiwa tangu wakati huo. Danforth, ile bapa ya mabawa mawili, inashika ajabu kwenye mchanga na tope kwa kilo chache na inalala vizuri chini ya kiti, lakini upepo ukigeuka inaweza kung'oka na isizame tena, na kwenye mwani inateleza juu juu. Ya makucha manne ni ya mawe, na ni ya muda mfupi. Hizi mpya za umbo la sepetu, kama Rocna au Spade, ndizo ningenunua leo kwa boti ninayolala ndani yake, kwa sababu huzama haraka na zikigeuzwa hujizika upya.

Kwa mawe kuna ujanja wa zamani: mnyororo ufunge kwenye kichwa cha nanga, upande wa makucha, kisha uulaze kando ya mkono wake na kuufunga kwenye pete ya juu kwa kijikamba dhaifu. Nanga ikinasa, unavuta kwa nguvu, kijikamba kinakatika, nanga inatoka kinyumenyume. Usilale kwa mpango huo, maana kijikamba hakijui kama ni wewe unayevuta au ni wimbi.

Na kamwe usifunge nanga tezi, yaani nyuma ya boti, peke yake. Huko ndiko injini iliko na ubao ni mfupi, wimbi la kwanza linaingia ndani na la pili haliulizi ruhusa. Funga omo, uishushe nanga badala ya kuirusha, rudi nyuma taratibu, kisha linganisha vitu viwili vya nchi kavu, mti na pembe ya nyumba, uone kama vinaachana.

Ncha ya mwisho ya kamba nayo ifungwe botini. Nilipobadilisha ile kamba ya buluu nikaweka nailoni mpya, niliishusha nanga kwa fahari, nikawa nahesabu alama nilizoshona: 5, 10, 15. Baada ya 50 ikapita ncha yenyewe, nimeichoma moto vizuri isifumuke, ikateremka majini bila haraka. Nilipiga mbizi mara kadhaa kuitafuta. Nanga ya kwanza niliyoigusa kule chini ilikuwa ya mtu mwingine, imeota chaza, na kamba yake nzima imelala pembeni, ncha haijafungwa popote.