24-70 au 24-105: lenzi ipi ikae kwenye kamera kutwa nzima?

Mpwa wangu aliyeko Moshi anapiga picha za sherehe. Juzi alinitumia ujumbe: "Shikamoo mjomba. Nimejikusanyia hela ya lenzi moja tu. Nichukue 24-70 au 24-105?" Nikaanza kumjibu kwa sauti kwenye WhatsApp. Nilipoona nimeongea dakika nyingi na bado sijafika katikati, nikafuta na kuamua kuandika.

Kwa asiyezifahamu, zote mbili ni lenzi za kuvuta: unazungusha pete, kitu kinasogea au kinarudi nyuma bila wewe kuhama ulipo. Namba hizo ni milimita za lenzi. Namba 24 ndiyo upana, unaona chumba kizima. Namba 70 au 105 ndiyo mvuto, unamleta karibu aliye mbali. Tofauti nyingine iko kwenye apacha, yaani ule mwanya wa kupitishia mwanga. 24-70 ya kikazi hufunguka hadi f/2.8, 24-105 inayoshindanishwa nayo huishia f/4. Namba ikiwa ndogo mwanya ni mkubwa, na ukitoka f/4 kwenda f/2.8 mwanga unaoingia ni maradufu. Canon walitoa 24-105 yao ya f/4 mwaka 2005, pamoja na kamera ya EOS 5D. Sony wakaleta yao 2017. Nikon wao waliivuta zaidi hadi 120, kwa lenzi ya 2010 na nyingine ya 2021. Kwa hiyo mabishano haya yana umri wa mtoto aliyekwisha kumaliza shule.

Mimi nimeishi na 24-105 kwa miaka mingi, na sioni haya kusema naipenda. Nichukulie asubuhi moja Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, jua ndiyo kwanza linachomoza. Kwenye 24 napata mashua zilizotia nanga, umati uliozunguka mnada na ng'ambo ya Kigamboni kwa nyuma. Mara mnadishaji anainua changu kwa mkia. Nazungusha pete mpaka mwisho, na sasa kwenye picha umebaki mkono wake, magamba yamemng'ang'ania vidoleni, na uso wa mnunuzi anayepima kwa macho kabla hajataja bei. Sikuhama. Ningekuwa na 70 ningelazimika kusogea hatua kadhaa, na pale Feri hatua kadhaa mbele ni kumkanyagia mama dagaa wake. Tena ukishasogea, yule mnadishaji anakuona, anaacha kunadi na anaanza kupozi. Picha uliyoitaka imekwenda.

Halafu kuna suala la kubadilisha lenzi. Watu wanasema, chukua 24-70 kisha weka lenzi ndefu kwenye mkoba. Sawa, lakini jaribu kufungua kamera ufukweni upepo wa kusi unavuma, mchanga na mvuke wa chumvi vinaruka. Kila unapoitoa lenzi unakialika kihisi cha kamera, ile sehemu inayopokea mwanga, kula vumbi, na jioni utakesha unafuta madoa meusi angani kwenye kila picha. Lenzi ya kila siku kwangu ni ile ambayo haitoki kwenye kamera mpaka nirudi nyumbani. Kwa kipimo hicho, milimita 35 za ziada zina thamani kubwa kuliko zinavyoonekana kwenye karatasi.

Sasa nije ukumbini, maana mpwa wangu riziki yake iko huko, si Feri.

Saa tatu usiku, sendofu. Mshereheshaji ameomba taa zizimwe, zimebaki zile za rangi, zambarau na bluu. Ndafu anaingizwa, mbuzi mzima amesimamishwa kwenye sinia na majani mdomoni, cheche zinaruka, wapishi wanaserebuka na vigelegele vimejaa. Ili watu wanaocheza wasitoke na mvurugo unahitaji shata, yaani muda wa kupokea mwanga, wa sehemu 1/125 ya sekunde au mfupi zaidi. Kwa f/2.8, tuseme kamera inakupa ISO 3200 (ISO ni wepesi wa kamera kwa mwanga; ukiupandisha, picha inaota chenga, yaani vidoadoa). Kwa f/4, mwanga huohuo unakutaka uende ISO 6400, ama ushushe shata hadi 1/60 na ukubali mikono na miguu ya wachezaji kuwa moshi. Wengi watakwambia 24-105 ina kifaa cha kutuliza mtikisiko. Ni kweli, na kinafanya kazi nzuri, lakini kinatuliza mkono wako wewe. Bibi harusi anayecheza hakimtulizi.

Na hapa kuna jambo ambalo nadhani sisi tunapaswa kulizungumza zaidi ya wengine. Bibi harusi amevaa shela jeupe, bwana harusi suti nyeusi, na ngozi zao ni nyeusi kama zetu. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kuliko nyeupe. Ukipima mwanga ili shela lisiungue kwa mwanga mwingi, uso unaangukia kwenye giza. Chenga nazo hazianzii kwenye shela, zinaanzia kwenye giza, yaani kwenye uso wa mtu aliyekulipa. Utaufungua kwenye kompyuta, utauinua upate nuru, na chenga zitapanda nao. Kwa hiyo mtu anapoandika kwamba kamera za siku hizi ziko vizuri kwenye ISO 6400, swali langu ni: kwenye uso wa nani, na chini ya taa gani? Ule mwanga maradufu wa f/2.8 kwetu una uzito zaidi. Hili nimelikubali kwa kuumia, baada ya kumkabidhi mama mzazi albamu ambayo uso wa binti yake ulikuwa umejaa vidoadoa vya zambarau. Hakunilaumu. Aliipitisha kurasa zile haraka haraka, na mimi nilikuwa nimekaa mbele yake.

Kuna majibu mawili kwa upande wa f/4, na yote yana ukweli ndani yake. La kwanza ni programu. Adobe waliweka kwenye Lightroom, mwaka 2023, uwezo wa kuondoa chenga kwa akili mnemba, na siwezi kukana kwamba umeokoa picha zangu kadhaa za zamani. Ila ukiuzidisha, ngozi inakuwa kama ya mwanasesere, na kuupitisha kwenye mamia ya picha za usiku mmoja kunahitaji kompyuta yenye nguvu, ambayo nayo ni hela. La pili ni flashi. Ukielekeza flashi kwenye dari jeupe la chini, f/4 inatosha kabisa na mjadala umeisha. Lakini kumbi nyingi dari liko juu sana, au wapambaji wamelifunika kwa vitambaa vya dhahabu na pinki, na mwanga unarudi ukiwa na rangi hizohizo. Na wakati wa ibada kanisani au wakati wa nikaha, wapo viongozi wa dini wanaokataa flashi kabisa, na wana haki yao.

Hoja moja ya f/2.8 ambayo siikubali ni ile ya kufifisha nyuma. Wateja wanapenda uso uwe mkali na nyuma kuwe laini, na inasemwa kwamba f/4 haiwezi. Piga hesabu. Upana halisi wa mwanya ni milimita za lenzi ukizigawanya kwa ile namba ya f. 70 kwa 2.8 ni milimita 25. 105 kwa 4 ni milimita 26 na robo. Maana yake ukirudi nyuma kidogo, ukavuta hadi 105 na ukaupata uso kwa ukubwa uleule, vitu vya mbali nyuma yake vitafifia kwa kiasi kinachokaribiana sana, na uso hautavimba puani kama unavyovimba ukipiga kwa karibu. Bustanini mchana, 24-105 haimwonei haya mtu.

Kuna na simu. Kamera kuu za simu nyingi za sasa huona upana unaokaribiana na 24 hadi 26. Kila mgeni ukumbini anao upana huo mkononi. Anachokosa ni mvuto wa heshima na mwanga wa kutosha usiku, na kila mojawapo ya lenzi zetu mbili inampita kwenye kimoja zaidi kuliko kingine.

Uzito ulikuwa hoja nzito zamani, siku hizi imepungua. 24-70 ya kwanza ya Sony ya f/2.8, ya mwaka 2016, ina gramu 886. Toleo la pili la 2022 limeshuka hadi 695, na 24-105 yao ni 663. Tofauti hiyo bega haliisikii. Mfuko ndio unaoisikia: zilipozinduliwa Marekani, hilo toleo la pili liliuzwa karibu dola 2,300 na 24-105 karibu dola 1,300, kabla ya usafiri na ushuru wa kuifikisha huku.

Na kama kamera yako si fulu fremu, yaani ya kihisi kikubwa, simama kwanza. Kamera nyingi tunazoanzia ni zile za kihisi kidogo, na za Canon katika kundi hilo unazidisha milimita kwa 1.6. 24 inakuwa kama 38. Nilifunga 24-70 ya kuazima kwenye kamera ya namna hiyo nikaenda Tanga kupiga picha ya ukoo, sebuleni kwa shangazi. Mgongo wangu ulikuwa umegusa kabati la vyombo na bado watu watatu walikuwa nje ya picha, mmoja wao shangazi mwenyewe aliyekaa pembeni kwa sababu ya mguu. Kwa kamera hizo tafuta lenzi inayoanzia 16, 17 au 18, kama Sigma ya 18-50 f/2.8 iliyotoka 2021 kwa kamera zisizo na kioo ndani (mirrorless), ambayo ina gramu 300 au pungufu. Ile 18-55 iliyokuja na kamera pia isidharauliwe mchana.

Nilichomwambia mpwa wangu ni hiki. Fungua kompyuta, chukua kazi zako tatu za mwisho, angalia kila picha uliyomkabidhi mteja ilipigwa kwenye milimita ngapi na saa ngapi. Mimi nilipofanya hivyo, picha zangu nyingi nilizozithamini zilikuwa za mchana na zilikuwa zimevuka 70. Ndiyo sababu nabaki na 24-105, na mfukoni naweka 50mm f/1.8, lenzi isiyovuta, ya bei nafuu, ya gramu 160 au pungufu kwa upande wa Canon, kwa ajili ya saa za giza. Za kwake zilikuwa kinyume: karibu zote zimepigwa baada ya magharibi, na ni chache zilizotamani kwenda mbali.

Kwake yeye basi, f/2.8. Lakini hela yake haikufika kwenye 24-70 mpya, na hapo ndipo Tamron ya 28-75 f/2.8 inapoingia. Ya kamera zisizo na kioo ilianza 2018, ikaboreshwa 2021, ina gramu 540 hivi, na ya mtumba inapatikana. Nilimwambia akiipata aiwashie tochi ya simu kutoka upande wa nyuma na achungulie kwa mbele, kwa sababu lenzi zilizokaa pwani huota ukungu ndani, nyuzinyuzi nyeupe kama utando wa buibui, na ukungu ukishakula kioo hautoki. Inachokunyima lenzi hiyo ni upana: 24 inaona digrii 84 kwa mshazari, 28 inaona 75. Nilimtahadharisha kwamba nyumbani kwa watu, kabla ya kwenda ukumbini, zile digrii tisa atazitafuta.

Ameinunua. Picha ya kwanza aliyonitumia ni ya bibi harusi na ndugu zake sebuleni, wote wamo, hadi bibi aliyekaa kwenye mkeka na kitukuu chake. Kwenye ukingo wa kushoto kuna mstari mweusi, nikamuuliza ni nini. "Fremu ya mlango, mjomba. Nilitoka nje nikasimama barazani."