Wanaume hawajaisha, wako visiwani

Hapa Mwanza kuna maneno nayasikia kila mahali, kicheni pati, saluni, hata kwa mama zetu, eti wanawake tumezidi kwa hiyo ukimpata wa kwako vumilia tu maana wenzako wanamtafuta. Yananiuma sana, kuna mabinti wanavumilia kipigo kwa ajili ya hayo maneno.

Sensa ya 2022 ilihesabu wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130 nchi nzima, ni kweli tumewazidi, ila humo wamo na bibi zetu ambao huwa wanaishi kuliko babu, na watoto wakizaliwa wa kiume ndo wanakuwa wengi kidogo. Sasa ukiona vijana wa miaka ishirini na kitu hawaonekani mtaani uliza kwanza wameenda wapi.

Wako visiwa vya Ziwa Victoria, Kome, Maisome, Goziba, wanavua dagaa na sangara. Wengine wako Geita, Mgusu na Nyarugusu huko kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mabinti nao wanatoka Magu, Kwimba, Misungwi wanakuja mjini kuwa dada wa kazi, wahudumu wa baa, wauza duka, wengine chuo. Yaani kazi za mwanaume ziko kule, za mwanamke ziko huku, na ziwa liko katikati.

Halafu kuna mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikishakuwa kubwa taa haiwavuti tena kwa hiyo mitumbwi inapumzika, hapo ndo vijana wanavuka kuja mjini na hela mfukoni. Mahusiano mengi hapa Kirumba yanaenda hivyo, jamaa anakuja siku chache, analipa kodi ya chumba, giza likiingia anaondoka na simu haipatikani. Kule kambini kuna dada mwingine anampikia na kuanika dagaa, na yeye anajulikana kama mke. Mtoto anazaliwa, posa haijaletwa, ng'ombe hawajatoka, wazee wa pande mbili hawajawahi hata kuonana. Ndo hii sogea tukae tunayoilalamikia.

Watu wanasema vijana wa siku hizi wahuni. Mi nakataa, wahuni wapo ila wengi wangeoa, shida amuoe ampeleke wapi? Kambi nyingi ni vibanda vya mabati na maturubai, samaki wakihama na watu wanahama, shule mbali, mjamzito akishikwa uchungu usiku anasubiri mtumbwi. Hakuna mama atakayekubali kulea huko, na baba akibaki mjini hana kazi. Hata Ujerumani yamewakuta, baada ya nchi kuungana 1990 mabinti wengi wa upande wa mashariki walihamia magharibi kufuata kazi na masomo, wanaume wakabaki vijijini bila wa kuoa, na hakuna aliyewaponya kwa mahubiri.

Halmashauri zinachukua ushuru wa dagaa kila siku mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha, basi hela hiyo irudi visiwani, ijenge madarasa, zahanati na nyumba ya mkunga, na wakina mama wanaoanika dagaa wapate vichanja na mikopo ili na wao wawe na kipato chao kulekule. Hapo familia zitakaa pamoja.

Na wewe dada ambaye umeshakaa na mtu bila ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 160 inasema mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawajua kama mke na mume, mahakama inaweza kudhania mmeoana, na hata hiyo dhana ikipingwa bado unaweza kuomba matunzo yako na ya watoto. Lakini utaulizwa ushahidi. Kwa hiyo mkataba wa chumba uandikwe majina yenu wote, mjumbe wa mtaa awafahamu, meseji za hela anazotuma usizifute, na kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto jina la baba liwepo. Fanya hayo akiwa bado yupo mjini, kabla giza halijaingia akarudi ziwani.