Picha bila ramani hazimwongozi mgeni
Mwandishi mmoja anadai kitabu cha mwongozo cha nyumba ya kapteni ndani ya Fort Jesus, ngome ya Mombasa, kinajitosheleza kwa picha peke yake. Sikubali. Ngome ilianzwa na Wareno 1593, Waomani wakaitwaa 1698, kisha ikawa jela toka 1895 hadi 1958. Kila aliyeingia alibadilisha na kujenga yake, na nyumba ile leo ni magofu. Picha haisemi ukuta upi ni wa nani. Inatakiwa ramani ya sakafu yenye kipimo na alama ya kaskazini, kila kipindi na rangi yake, na namba zilezile ziwe kwenye picha. Picha zenyewe zipigwe asubuhi au alasiri, jua likiinama: saa sita mchana jiwe la matumbawe huweza kuonekana bapa, vishimo vyake na mpaka wa lipu ya chokaa vikafifia. Halafu ushonaji wa kitabu chenyewe! Pini za chuma kwa hewa yetu ya chumvi hushika kutu, zikaacha doa la kahawia katikati ya kitabu na karatasi ikachanika penye doa. Uzi ndio dawa. Nyinyi mnaotembeza wageni Mji wa Kale, mnatumia ramani gani?