Mashine ya boti ipande gari ikiwa kavu

Jumamosi iliyopita nilipanda Kosta pale Rangi Tatu kwenda Nyamisati, niwahi chombo cha Mafia. Hata Mkuranga hatujafika, harufu ya petroli ilishanikaba koo. Nikainama kutazama chini. Mashine ya boti, HP 15, imelazwa kwenye njia ya katikati, mguu wake wenye propela umepandishwa juu ya gunia la mchele, kichwa kimeinama sakafuni. Mama mmoja ameweka miguu juu ya kifuniko chake, mtoto amemlalia kifuani. Nikapitisha kidole chini ya kile kichwa. Kikatoka kimelowa.

Nikamwita konda. Akaniambia, "Mzee, haina mafuta hiyo, imebaki harufu tu."

Hilo neno "harufu tu" ndilo lililonifanya nikae chini kuandika. Nimesafirisha mashine kati ya Dar na Mafia kwa zaidi ya miaka kumi, na neno hilo nimelisikia kwenye mabasi, kwenye magari ya mizigo, hata kwa watu wazima ambao maisha yao yote yamekuwa baharini. Wanaamini mashine ikishachomolewa mpira wa tenki imebaki chuma kitupu. Si kweli. Kabureta inabaki na mafuta yake, na ule mpira wenye pampu ya mkono nao unabaki na yake. Mashine ikisimama wima, yanatulia. Ikilazwa, yanatafuta pa kutokea.

Na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukatokea dirishani. Unashuka, unatambaa sakafuni, unajikusanya chini ya viti palepale walipolala watoto na mabegi. Unashika moto hata penye baridi ya barafu, seuze joto la Kibiti saa saba mchana. Kinachotakiwa ni cheche moja tu: waya wa chaji uliochubuka pale kwa dereva, au kipisi cha sigara kilichotupwa na mtu aliyesimama mlangoni. Nchi hii ilizika watu zaidi ya 100 baada ya lori la mafuta kupinduka Msamvu, Morogoro, Agosti 2019. Najua lile lilikuwa lori, na hapa tunazungumzia kikombe kimoja au viwili. Lakini pale watu walikuwa uwanjani, nje. Humu tuko thelathini ndani ya bati, na mlango ni mmoja.

Kuikausha mashine si kazi. Kabla hujaifungua kwenye boti, au ukiwa na pipa la maji yasiyo na chumvi nyumbani, iwashe, chomoa mpira wa mafuta, iache ingurume mpaka izime yenyewe. Mguu uwe ndani ya maji muda wote, maana ukiiwasha mkavu unaunguza pampu ya maji. Ukitumia pipa, chumvi nayo inatoka humohumo. Kisha legeza ile skrubu ndogo chini ya kabureta, kinga chupa, mpaka tone la mwisho. Mashine ndogo zenye tenki kichwani, mwaga tenki lote na ufunge kile kitundu cha hewa kwenye kifuniko. Tenki la nje lisiingie ndani ya gari la abiria kabisa. Mafuta yaliyobaki muuzie mvuvi mwenzio, tenki lipande keria likiwa tupu na limekauka.

Wapo wanaosema mabasi yakatae mashine moja kwa moja. Hao siwaungi mkono, ingawa siku ile nusura niwaelewe. Kukodi kirikuu kutoka Dar mpaka Nyamisati kwa ajili ya mashine moja ni kula pesa ya siku kadhaa za bahari. Mvuvi atapanda basi tu. Apande, ila ikiwa kavu.

Kuhusu kuilaza, nitasema yaliyonipata. Niliwahi kuitoa mashine yangu kwenye maji ya bahari pale Feri, Dar, na kuitupa moja kwa moja kwenye pikapu, mguu juu ya mifuko ya saruji, kichwa chini. Maji ya bahari yaliyobaki kwenye njia ya moshi yakarudi mpaka ndani ya silinda. Ikakaa wiki mbili. Siku ya kuiwasha, kamba haikuvutika hata shubiri. Fundi alipotoa plagi, maji mekundu ya kutu yakadondoka mezani, tone baada ya tone, na hakuna kati yetu aliyesema neno. Pistoni ilikuwa imeshikana na ukuta. Tangu hapo naisimamisha wima mpaka iache kuchuruzika, na njia nzima kichwa kinakuwa juu kuliko mguu. Zile zisizochanganya oili na petroli zina oili tumboni, na zina ubavu wake wa kulalia. Muulize anayekuuzia kabla hujalipa. Mimi yangu naibana kwenye kipande cha mbao nene, kama inavyobanwa kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, na ile mbao ndiyo naifunga kamba kwenye gari.

Propela ivishwe kiroba. Na wenye kuvuta boti kwa tela wakiacha mashine inaning'inia nyuma bila gogo la kuitegemeza, wanaivunja tezi yao wenyewe kwa kila shimo.

Siku ile tuliposimama Bungu nilimwomba dereva dakika tano, akanipa. Mwenye mashine alikuwa kijana wa Kilindoni, ameinunua imetumika asubuhi ileile, na aliyemuuzia alimhakikishia ni kavu. Tukaishusha chini ya mwembe, mbali na muuza mahindi na jiko lake. Tukalegeza skrubu, tukakamua mpira. Robo nzima ya chupa ya nusu lita ikajaa. Kijana aliishika ile chupa akaitazama, akasema, "Na mimi nilikuwa nimekaa karibu yake." Tukafuta sakafu kwa mchanga, tukaisimamisha mashine nyuma kabisa, tukaifunga kwenye chuma cha kiti. Yule mama akaomba dirisha lake lifunguliwe, na halikufungwa tena mpaka Nyamisati.