Nilimsubiri Beberu Ateme Mate

Siku ya kwanza niliwaachanisha mbuzi waliokuwa wakicheza. Siku ya tatu nikavuta kiti, nikamimina chai, nikawatazama mbuzi waliokuwa wakipigana. Katikati hapo kuna elimu niliyoipata kwenye simu, na ndiyo iliyonifanya wiki nzima nile chakula nimesimama.

Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa. Mbuzi ninaowajua ni wale wa kwetu, wanaozurura vichochoroni tangu asubuhi wakikagua takataka kama askari wa kaunti, na jioni hurudi kwao bila kuitwa. Mbuzi wa kuangaliwa sikuwahi kumwona. Kwa hivyo kaka wa mke wangu aliponiomba nimshikie boma lake kule Utawala, Nairobi, siku nne, yeye na familia waende mazikoni Machakos, nilikubali hata hajafika mwisho wa ombi.

Maagizo alinipa kwa simu akiwa ndani ya matatu, muziki umefunguliwa mpaka mwisho. Nilisikia hivi: nepia, yale majani ya kulisha mbuzi, iko stoo, jiwe la chumvi limening'inizwa zizini, maji nibadilishe asubuhi na jioni. "Na Jumamosi jamaa wa bodaboda ataleta beberu mwingine kutoka soko la mbuzi la Kiamaiko, nimeshalipa. Sasa huyo, shemeji, tafadhali sana, usi..."

Makanga akapiga mayowe, laini ikakatika. Sentensi nikaimalizia mwenyewe: usimwache na njaa.

Mbuzi walikuwa wanane. Majike wanne, vitoto vitatu, na beberu mmoja, beberu wa kweli mwenye ndevu, si yule wa kwenye hotuba za wanasiasa. Majina walipewa na watoto wa shemeji. Vitoto ni Chapati, Kachumbari na Pilipili, na wenyewe hawajashuku lolote. Beberu anaitwa Mheshimiwa. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa nitaelewa. Nilielewa kabla sijafika getini, maana harufu yake ilitangulia kunipokea. Beberu hujikojolea ndevu kwa makusudi, ndiyo manukato yake, na Mheshimiwa alikuwa amejipulizia kama anayekwenda harusini. Tena akila chake huhamia cha wenzake.

Alhamisi saa moja asubuhi nilitoka na mswaki mdomoni nikakuta vita. Chapati alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma kama mtu, akajitupa chini na kumgonga Kachumbari utosini, ko! Kachumbari akaruka kando, akazunguka, naye akasimama, ko! Pilipili amepanda mgongoni kwa mama yake aliyelala, kama mtazamaji aliyelipia jukwaa. Na mama mtu anacheua tu, macho nusu yamefumba. Nikasema moyoni, huyu ni mzazi gani?

Nikaingia na mswaki wangu mdomoni. Chapati nilimfungia stoo. Pilipili nikampeleka jikoni, kwa sababu alinitazama vibaya. Kachumbari nikamtia chooni na mlango nikaubana kwa ndoo.

Sasa, kama hujawahi kusikia mwanambuzi akilia ndani ya choo chenye vigae, sauti ile ni ya mtoto wa binadamu. Mtoto anayeonewa. Haikupita robo saa, geti likagongwa. Mzee wa nyumba kumi, nyuma yake wanawake wawili wamefunga leso kiunoni.

"Habari ya asubuhi. Wewe ni mgeni hapa?"

"Ndiyo, mzee. Mimi ni mkwe wa hapa."

"Tumeambiwa kuna mtoto amefungiwa chooni."

Nilijaribu kueleza. Nadhani neno "alikuwa akimpiga mwenzake, nikaona nimtenge" halikunisaidia. Nikawafungulia mlango wajionee, na Kachumbari akatoka kwa maringo, karatasi ya chooni inaning'inia mdomoni, akawapita wote watatu kama mtu aliyechelewa kazini.

Nyuma ya ua kuna shosho, bibi mzee anayeuza mboga. Alikuwa amefuatilia yote akikatakata sukuma. Akaniita.

"Kijana wa pwani, hao watoto wanacheza. Huoni aliyegongwa amerudi mwenyewe kugongwa tena? Wewe ukichapwa hurudi?"

"Lakini shosho, hiyo sauti ya vichwa..."

"Leo anapiga huyu, kesho huyo. Wakisikia njaa wanaacha. Nani alishawahi kuacha vita akaenda kula nyasi?"

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini mimi nina simu. Usiku nikaandika nikiuliza jinsi ya kujua kama wanyama wanacheza au wanapigana, na simu, kwa sababu inazozijua yenyewe, ikaniletea alpaka.

Kama hujamwona, alpaka ni mnyama wa milima ya Andes, Peru na Bolivia huko, shingo ndefu, manyoya kama godoro lililopasuka. Ni wa ukoo wa ngamia. Hufugwa kwa ajili ya sufu. Nilitazama video mpaka saa saba usiku. Nikajua kwamba madume madogo ya alpaka hupigana mieleka ya shingo kama mchezo tu, wanasukumana kwa vifua, wanapandana, kisha wanakwenda kulisha pamoja. Nikajua kwamba jioni jua likizama kundi zima linaweza kushikwa na furaha, wakawa wanarukaruka kwa miguu yote minne kwa pamoja, imekakamaa kama chemchemi za kitanda. Na nikajua dalili za hatari: masikio yanalazwa nyuma, kidevu kinainuliwa juu, halafu mate. Mate yenyewe si ya mdomoni, yanatoka tumboni, yananuka. Wakifika huko wanang'atana miguu, masikio, na mahali ambapo kwa heshima ya wasomaji sitapataja. Dume mzima ana meno sita ya kupigania, manne juu na mawili chini, makali kama wembe.

Nikaandika yote kwenye daftari la shemeji la madeni. Alpaka anakula nyasi, mbuzi anakula nyasi. Alpaka anacheua, mbuzi anacheua. Nikaona somo ni moja, nikapiga mstari chini ya neno MATE.

Ijumaa ikaniharibu zaidi kwa sababu ilinithibitishia. Jua linapozama upande wa mjini, Chapati, Kachumbari na Pilipili wakaanza kurukaruka, miguu yote minne juu, wakijipinda ubavu hewani, vile vile kama kwenye video. Nilipiga makofi. Nikajiona profesa.

Mheshimiwa akanijia akainamisha kichwa. Nikamwekea kiganja kwenye paji la uso nikamsukuma kidogo. Akanisukuma. Nikaongeza nguvu, naye akaongeza. Tukaendelea hivyo karibu nusu saa, nikicheka peke yangu. Nairobi ni mji wa upweke, mtu ukipata wa kukusukuma kwa upendo unashukuru. Nilimwona shosho akitutazama juu ya ua, lakini hakusema neno.

Kisha Mheshimiwa akaniacha akamwendea jike aliyekuwa akikojoa, akapeleka pua pale pale, akainua kichwa juu, akakunja mdomo wa juu mpaka ufizi ukaonekana wote. Anacheka! Nilikuwa na simu tayari. Nikajisogeza, tukapiga picha pamoja, nikaituma kwenye kundi la familia: "Mimi na Mheshimiwa tukicheka." Shangazi yangu wa Kisauni akajibu kwa mioyo mitatu.

Jumamosi saa nne, bodaboda ikafika. Beberu wa Kiamaiko amefungwa ndani ya gunia nyuma ya dereva, kichwa nje, anatazama Utawala kama mtalii. Mweusi, mkubwa, pembe zimerudi nyuma kama usukani wa baiskeli ya kizamani.

"Boss, kuna pahali pa kumfungia?" jamaa akauliza.

"Hapa tunaishi kama ndugu," nikamjibu.

Akanitazama, akapeleka macho kwa Mheshimiwa, akawasha pikipiki. Hata maji hakuomba.

Nikamfungua mgeni. Yeye na Mheshimiwa wakasimama ubavu kwa ubavu, hawatazamani, wanatembea polepole kwa kujigamba. Nywele za mgongoni zimesimama kuanzia shingoni mpaka mkiani. Wanakoroma puani, ndimi zinatoka na kuingia. Kisha wakarudi nyuma, wakasimama wote wawili kwa miguu ya nyuma, warefu kuliko mimi, wakashuka pamoja. Kishindo chake kilikuwa cha mbao mbili kugonganishwa na fundi mwenye hasira.

Nikalitazama daftari. Masikio? Hayaonekani vizuri. Kidevu? Kiko chini, na alpaka huinua. Mate? Hakuna. Ni mchezo huo. Ndipo nilipovuta kile kiti cha plastiki, nikamimina chai.

Wakagongana tena. Na tena. Majike walikuwa wamehamia kona ya mbali, na vitoto chini yao, jambo ambalo jana halikutokea. Nepia iko hapo hapo, hakuna anayeila. Mgeni akageuza mgongo aondoke, Mheshimiwa akamfuata akampiga ubavuni. Damu ikatoka kwenye mzizi wa pembe moja, sijui ya nani. Nami bado nasubiri mate, nikizungumza kwa sauti kama mtangazaji wa mpira.

"Kijana!" Shosho alikuwa ameacha sukuma. "Hao wanauana! Funga mmoja!"

Ilikuwa damu, nadhani, iliyoniamsha. Nikaruka katikati. Na kwa kuwa mimi na Mheshimiwa tulikuwa marafiki, nilimwekea kiganja kwenye paji la uso kama jana.

Alinitazama. Kulikuwa na furaha ya kweli katika macho yale ya manjano. Akarudi nyuma hatua tatu. Nami nikageuka kukimbia, ambalo lilikuwa kosa la kijiografia, kwa sababu lilimpa upande mwingine.

Sikumbuki kupaa. Nakumbuka kutua. Nilitua ndani ya karai la maji ya kunywesha mbuzi, miguu juu, na yaliyotokea kati ya kupaa na kutua ni siri yangu na suruali yangu. Wale wawili wakaendelea kugombana juu yangu, wakagonga ua, ua ukalala, wakaangukia kibanda cha shosho. Nyanya zikabingirika mpaka kwenye lami. Makanga mmoja akasimamisha matatu nzima ili achukue video.

Shosho hakukimbia wala hakupiga kelele. Alimjia mgeni kwa nyuma, akamnyakua mguu mmoja wa nyuma akauinua. Beberu kwa miguu mitatu hana nguvu ya kugonga mtu. Akamwongoza akirukaruka hivyo hivyo hadi kwenye nguzo ya geti, akamfunga kwa leso yake. Mheshimiwa akabaki peke yake na kabichi.

"Shosho," nikasema kutoka ndani ya karai, "hawakutema mate."

"Mbuzi ateme mate kwa nini? Ni ngamia?"

Akaniinua. "Na kichwa cha beberu hakishikwi. Ukimsukuma paji la uso unamwita uwanjani. Jana umemfundisha nusu saa nzima."

"Si uliniona? Mbona hukunikataza?"

"Nilidhani ni michezo ya kwenu pwani."

Nikamuuliza, ili angalau nibaki na kitu, kuhusu kicheko cha Mheshimiwa. Akaketi kwanza, akacheka yeye. "Huyo alikuwa ananusa mkojo. Beberu akinusa mkojo hukunja mdomo hivyo, ndiyo anajua jike yuko tayari ama hayuko." Nikaikumbuka ile picha na mioyo mitatu ya shangazi.

Zahanati ilikuwa ya karibu. Niliandikishwa nikiwa nimesimama.

"Umeumia wapi?"

Nikaonyesha.

"Umegongwa na nini?"

Maumivu yalikuwa yamenizidi, nikajibu bila kufikiri. "Mheshimiwa."

Kalamu ikasimama. Foleni nzima ikanyamaza. Muuguzi akainama mbele akateremsha sauti. "Mheshimiwa wa kaunti ama wa bunge?"

"Wa shemeji."

Aliandika kitu kirefu sana. Mzee mmoja kwenye foleni akaniambia nisiogope, nitoboe kila kitu, nchi hii ina sheria. Nilidungwa sindano upande uliobaki mzima.

Usiku ule shosho aliniamuru niweke nepia mafungu mawili, kila kona lake, ili asiwepo wa kumzuia mwenzake kula. Suruali niliisuza haraka haraka, bila sabuni, nikaianika kwenye kamba. Asubuhi akamfungua mgeni mwenyewe, kijiti mkononi. Wakagongana mara mbili, bila hamasa. Mgeni akasogea kando, akamwachia Mheshimiwa njia. Kwa mbuzi hiyo ni kura iliyohesabiwa na mshindi kutangazwa. Hadi mchana walikuwa wamelala kivulini mgongo kwa mgongo, wanacheua.

Shemeji alirudi saa kumi. Aliuona ua umelala, akauona na mfuko wa nyanya mpya niliomnunulia shosho.

"Nilikuwambia usiwaweke pamoja kabla sijafika," akasema.

"Ulisema 'usi'," nikamjibu.

Akanihurumia, akanikaribisha kiti. Nikasema nitasimama. Hapo ndipo Mheshimiwa alipoinuka kivulini, akajinyoosha, akaenda moja kwa moja kwenye kamba ya nguo. Akaipita shati. Akapeleka pua kwenye suruali yangu, akavuta pumzi ndefu, akainua kichwa taratibu, akakunja mdomo wa juu mpaka ufizi wote ukaonekana.

Shemeji alimtazama beberu wake, kisha akanigeukia mimi.

"Ni maji ya karai," nikasema.